Uji wa Akina Mathenge

…na kibuyu kimeshawekwa mikononi mwangu, kina joto kama mgongo wa ndama asubuhi, uji wa wimbi uliochachushwa, wameuleta wao kama inavyopasa, na mimi ninachotakiwa kufanya ni kunywa tu, funda moja, ndipo wanawake wapige vigelegele na mambo ya mbuzi wa mahari yaanze, lakini yule mzee waliyemketisha upande wa pili wa hema, mwenye koti la kijivu na kofia ya sufi, ni yeye, si mtu aliyefanana naye, ni yeye, nimekiona kidole gumba cha mkono wake wa kulia, hakina ukucha, na kidole hicho nilikifunga mimi kwa leso yangu siku mnyororo wa lango ulipokibana, damu imetapakaa sitahani, naye akiniambia kaza, Nderitu, kaza, usinionee huruma, na mimi nikakaza… Mathenge wa Mwai, nahodha wa feri Jitihada, mwongo, nimekuzika mara nyingi sana kichwani mwangu, nimekuzika kwa radi, kwa lori la kokoto, kwa ugonjwa wa kukauka taratibu kuanzia miguuni, na leo umeletwa nyumbani kwangu Ruring'u kwa gari lililopambwa maua, umekuja kuniomba mtoto.

Ndungu, msemaji wao, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani, anasema, "Mzee amenyamaza, hiyo ni dalili nzuri, mzee wa Nyeri akitaka kukufukuza huwa anakufukuza mara moja," watu wanacheka, nami natabasamu kwa sababu uso wangu umezoea kutabasamu bila kuniuliza, na mikono yangu imetulia, hata uji hautikisiki, hakuna anayeweza kujua… kwa desturi yetu kibuyu hiki angekishika baba yake Shiro, mjukuu wangu anayeposwa, lakini mwanangu Mutahi alifia barabara ya Kiganjo Shiro akiwa bado ananyonya, kwa hiyo mkono wa kukubali au kukataa ni wangu, hakuna mwingine, nikikiinamisha nikakiweka kwenye nyasi bila kunywa, mambo yamekwisha, hawana ruhusa hata ya kuniuliza sababu, watafunga vikapu vyao na kurudi Skuta, na yule kijana wao atakaa chumbani kwake akitazama ukuta, na mzee Mathenge ataambiwa na mjukuu wake huyo, wamekataa, guka, hatujui kwa nini, na yeye atajua, ataonja kidogo tu, kiasi cha kijiko, kile alichoninywesha mimi kwa karai.

Ningejuaje mapema, nijibu mwenyewe, ningejua kama ningeuliza, mimi niliyewasahihisha machifu na wachungaji waliosoma vibaya jina la mtu mazikoni, mimi niliyefundishwa na mwalimu wa misheni kwamba anayekosea jina amekosea mtu mzima, nilipoambiwa kijana anaitwa Mathenge nilihisi kitu kama mwiba chini ya kucha nikakipuuza, kwani Mathenge ni wengi Nyeri kama mawe ya mto Chania, na siku ya kwanza waliyokuja kubisha hodi mzee wao hakuwapo, walisema yuko ziwani, alibaki huko baada ya kustaafu, amezeeka sasa, watamleta aishi kwa mwanawe, na mimi nikasikia neno ziwani na nikageuza shingo kutazama ng'ombe, basi, nikageuza shingo, na kijana ni kifungua mimba wa Mwai, huyo mwanawe, na kifungua mimba huchukua jina la baba yake baba, kila mtoto wa Gikuyu anajua hilo, jina lilikuwa limesimama mbele yangu limevaa suti, na mama yake ni wa kule kule ziwani, ndiyo maana leo tunazungumza Kiswahili hapa hemani ili naye afuate, kila kitu kilikuwa wazi kama mchana, nami nimekuja kuamka kibuyu kikiwa tayari mkononi.

"Guka," anasema Shiro, amesimama mbele yangu, mgongo wake kwa wageni, uso wake kwangu, ananiangalia kwa macho ya mtu anayezuia kicheko, kwa kirefu ni Wanjiru, Wanjiru wa Mutahi, jina la marehemu mke wangu, ndiyo sababu tangu alipozaliwa namwita mke wangu na yeye hunisuta kama mke, huniambia shati hilo ulilivaa jana, mzee, na nimeshamuuliza, kama inavyotakiwa, nimeuliza kabla sijakiona kile kidole, Wanjiru, hawa watu unawajua, ninywe uji wao, na alikuwa karibu kujibu, lakini Kagure, binti yangu, shangazi yake, amemshika mkono. "Ngoja kwanza," anasema Kagure, "wacha watoke jasho kidogo. Hatupeani msichana kama chenji ya gari. Huyo kijana asimame tumuone." Na kijana Mathenge anasimama, mrefu. "Geuka." Anageuka. "Sasa huyu ako na mgongo, ama ni suti inasimama peke yake?" Wanawake wanapigana vikumbo kwa kucheka. "Niko na mgongo, tata," anasema kijana, akimwita shangazi kama Shiro amwitavyo. "Tutauona siku ya kubeba maji," anasema Kagure, na hema lote linacheka, na Mathenge mzee naye anacheka, lakini amechelewa, anacheka wengine wakiwa wamemaliza, akiwatazama watu usoni mmoja mmoja, na mimi nakichukia kicheko hicho, nakikumbuka, kilikuwa hivyo hivyo hata zamani, cha mtu aliye juu ya watu, anayengoja kuona kama mzaha wenu unafaa.

Juu, ndiko alikokuwa, juu katika chumba cha usukani chenye vioo, na mimi chini sitahani, msimamizi wa sitaha, na kati yetu ngazi ya chuma na moshi wa injini, Jitihada, lilikuwa limeandikwa ubavuni kwa herufi nyeupe, watu wa pande zote mbili waliiita Mama Pole kwa sababu ya mwendo wake, lakini mimi sikuiita hivyo hata mara moja, chombo kikishapewa jina kina jina, ilitoka Nyarombo alfajiri na kuvuka mpaka Kamiolo, na kurudi, na kuvuka, mpaka jua lichoke, na kazi yangu ilikuwa kuipanga, gari zito katikati, dogo kando, kabari mbele na nyuma ya kila gurudumu, baiskeli kwenye reli, mbuzi wamefungwa mbali na vikapu vya dagaa wa omena maana mbuzi wa ziwani hula chochote, wagonjwa kwenye machela upande wa kivuli, maharusi wasimame mbele wakitaka, majeneza yaingie mwisho ili yatoke kwanza, hiyo ilikuwa sheria yangu mwenyewe, hakuna aliyeiandika, kwa sababu niliona hakuna anayestahili kungojeshwa na lori la sukari akiwa na maiti yake… na baada ya yote kuingia, nilisimama nyuma kando ya lango, lile bamba kubwa la chuma linaloshushwa juu ya gati ili magari yapande, nikalitazama mpaka likainuliwa lote, mnyororo ukakazwa, ndipo nikaipiga kengele, mbili, na nahodha, ambaye lango la nyuma halioni vizuri kwa sababu anatazama mbele, alijibu kwa honi na kuondoka, bila kengele mbili haondoki, hata kama waziri yumo chomboni anatazama saa, haondoki, hapo ndipo maisha ya watu wote yalipofungiwa, kwenye kengele mbili.

Na tulikuwa wawili tu wa huku mlimani, ndilo linaloniunguza mpaka leo, wawili tu, wenzetu wakituita watu wa mlima kwa sababu hatukujua kuogelea, hata ngazi iliyolowa mvua ilitutoa jasho, tulikodi chumba kimoja Nyarombo, tulipika githeri kwenye sufuria moja, alipokuja kuoa nilimsindikiza mpaka kwao Mweiga, nilipopata mtoto wa kwanza alinunua blanketi, na jioni tuliketi nje tukizungumza juu ya baridi, baridi tu, jinsi ukungu unavyoshuka kutoka Aberdare mpaka kwenye majani ya chai, kama watu wengine wanavyozungumza juu ya mama zao… nilimpenda, neno hilo silisemi, lakini adui asiyewahi kupendwa ni adui mwepesi, unamsahau hata ukiwa unakula.

"Anakubali ama hakubali?" anauliza Ndungu, "maana mimi nimevaa viatu vya kuazima, mwenyewe anavitaka saa kumi." "Rudisha, utembee pekupeku," anamjibu Kagure, "barabara ya Skuta ni lami," na Shiro anacheka sasa waziwazi, mabega yanatikisika, na mimi namtazama na kuwaza, inama, Nderitu, weka kibuyu chini, ni nyasi tu, ni tendo dogo, mkono unashuka, basi… asubuhi ile ya ajali kulikuwa na lori la pamba, marobota yamepangwa juu mpaka karibu na vioo vya usukani, lori zito hukaa katikati, ndiyo sheria, na lilikaa katikati, na gari la mwisho lilikuwa Datsun rangi ya maziwa, na aliyeliendesha alikuwa Rispa Akoth Ogada, muuguzi, magazeti yaliandika mwanamke mmoja, hata hakimu alisema mwanamke huyo, mimi nasema Rispa Akoth Ogada, alikuwa akivuka kila wiki kwenda zahanati ya Kamiolo, alikuwa akiniuliza, mtu wa mlima, umejifunza kuogelea, nami nilikuwa nikimjibu, bado, mama, nangoja maji yapungue, na siku ile aliniuliza hivyo hivyo kupitia dirishani, magurudumu yake ya mbele yameingia kwenye lango, ya nyuma yako bado kwenye gati, nami nilifungua mdomo kumjibu, na feri ikaondoka.

Ikaondoka… bila kengele, bila mkono wangu kuigusa kamba ya kengele, nilikuwa nimeshika kabari mikono yote miwili, na bamba likakwaruza saruji, sauti ile bado naisikia bati likivutwa, na maji yakafunguka kati ya lango na gati kama mdomo, na Datsun ikainamisha mkia, polepole, hata mimi nilipata muda wa kuzitupa kabari na kuushika mkono wake dirishani, niliushika, ulikuwa na joto, halafu haukuwa mkononi mwangu, na mimi mtu wa mlima nimepiga magoti kwenye chuma nikipiga kelele jina la Mathenge, Mathenge, simamisha, Mathenge, hakusimamisha, hakugeuka, alikwenda mpaka watu wote upande wa kulia walipokimbilia upande wa kushoto na chombo kikalala, ndipo akageuka.

Na kwa hakimu akavaa tai, akaulizwa, kwa nini uliondoka lango likiwa chini, akasema, nilisikia kengele mbili, akaulizwa, una hakika, akasema, mbili, bwana, safi kabisa, safi kabisa, akiniangalia mimi usoni bila kupepesa, mdomoni hasa, kana kwamba anangoja nimpinge, nami nikampinga, nikasema sikupiga, lakini abiria walikuwa wengi na kila mmoja alikumbuka lake, mmoja alisikia kengele moja, mwingine alisikia tatu, na nahodha ni nahodha, na msimamizi wa sitaha hata katika hukumu hakupewa jina, aliitwa mhudumu huyu… nilifungwa, nikatoka, nikarudi Nyeri nikiwa mtu mwingine, hapa mjini jina langu likafika kabla yangu, si Nderitu wa Mutahi, bali Kengele, yule mzee Kengele, watoto wangu wakiitwa wa Kengele shuleni, fundi akinishonea suruali anamwambia mwenzake, hiyo ni ya Kengele, na hayo yote niliyabeba, mtu hubeba, lakini Wanjiru wangu, yule marehemu, wa kwanza mwenye jina hilo, jioni moja akikamua ng'ombe, bila kuninyanyulia macho, aliniuliza, na una hakika hukuipiga, hata kwa bahati mbaya… nilisema nina hakika, akasema, sawa, na maziwa yakaendelea kulia kwenye ndoo, hakuniuliza tena mpaka kufa kwake, na mimi sikujua kama aliniamini, sijui, amelala kule juu ya boma chini ya miti ya makadamia nami sijui, na hilo, Mathenge, si gereza, si kazi, kwa hilo ninakudai roho yako.

Basi kiweke chini. Kiweke. Vidole vyangu vimeanza kulegea chini ya kibuyu, na Ndungu anasema kwa nguvu, "Mzee Mathenge, wanasema tungoje kidogo," hakuna jibu, "Mzee, WANASEMA TUNGOJE," na kijana Mathenge anainama mpaka sikioni mwa babu yake na kurudia, na mzee anasema kwa sauti kubwa mno, ya mtu asiyejipima, "Eeh, ni tamu, ni tamu," na watu wanacheka kwa upole, na Ndungu anapanua mikono kwa wenyeji. "Mtusamehe. Huyu mzee wetu masikio ilibaki ziwani. Lakini si uzee, msifikirie ni uzee. Marehemu mama alikuwa anatuambia ati siku ya harusi yao, mwaka wa sitini na tisa, padre hajamaliza kuuliza swali na huyu ameshasema ndiyo. Padre akamwambia, ngoja niulize kwanza, na yeye akasema tena, ndiyo. Mama alisema, nilijua siku hiyo nimeolewa na mtu hasikii, nikasema vizuri, sitagombezwa." Hema linaangua kicheko, Kagure anafuta macho kwa pembe ya shuka, Shiro ameinama ameshika tumbo, na mimi peke yangu katika hema hili sicheki.

Sitini na tisa. Nilikuwapo. Nilisimama nyuma yake kanisani Mweiga na nikacheka na wengine, nikadhani ni haraka ya bwana harusi… na ajali ilikuwa miaka mitano baadaye, kwa hiyo miaka mitano, na kabla yake, katika chumba kile kimoja, sufuria ile moja… aliketi daima akinitazama, hakukubali niketi ubavuni, akisema, kaa hapa nikuone, nikadhani ni urafiki, nilipomwita kutoka nyuma sokoni hakugeuka, nikadhani ni kiburi cha unahodha, na kazini, mwezi wa kwanza tu, aliniambia, Nderitu, ukipiga kengele inua na mkono, ukiwa umenyooka, ni salama zaidi, nami nikakubali, nikafanya hivyo kila safari mpaka nikasahau kwamba si sheria bali ni ombi lake, kengele mbili na mkono juu, na yeye akitazama nyuma juu ya bega lake, hakuwa anasikiliza, hakuwahi kusikiliza, alikuwa akiutazama mkono… na asubuhi ile lilikuwapo lori la pamba, marobota mpaka vioo vya usukani, akatazama nyuma akaona pamba, akangoja, mkono hauonekani, akangoja, abiria wa mbele wananung'unika, akahisi kitu miguuni, mtikiso wa Datsun kupanda langoni labda, akasema moyoni, hiyo ndiyo, ameshapiga, akaondoka. Alikisia. Watu wote wale, mbuzi, machela, maharusi, majeneza, kila siku ya Mungu walivushwa na mtu anayekisia.

Na mimi kwa nusu karne nimemchukia mtu mwingine, nimemchukia mtu aliyejua kwamba hakuna kengele na akaondoka kwa sababu ya haraka au ulevi au wivu, nimeitunga sababu ya wivu kwa uangalifu, nimeipa ushahidi, kumbe mtu huyo hakuwapo, aliyekuwapo ni kiziwi anayeogopa kurudi Mweiga kuchuma chai ya watu… je, inapunguza kitu, ningoje, nijipime… haipunguzi, naiona, inaongeza, kwa sababu mtu wa kwanza angeweza kudanganya kwa hofu ya kosa moja, huyu alimwambia hakimu safi kabisa, mtu asiyesikia kitu aliusifu usafi wa sauti, akaniacha nifungwe ili kesho yake apande tena ngazi ile na kuvusha wengine akiwa vilevile, mpaka akastaafu, na akapewa saa ya ukutani.

Lakini kuna jambo limehama ndani yangu, na sijui kama nalipenda. Nikikiweka kibuyu hiki chini, ataona nini, ataona mkono unashuka, basi, atamgeukia mjukuu wake na kuuliza, wamesemaje, na kijana atapiga kelele sikioni kwake, wamekataa, na yeye atasema, eeh, ni tamu, au atatikisa kichwa, atakufa hajui ni nani aliyemkatalia, na adhabu yote, yote, itamwangukia Shiro aliyesimama hapa akicheka, mguu mmoja kwetu na mmoja kwao, sitakuwa nimemlipiza, nitakuwa nimeondoka tu, kama ile feri… na kusema, ili asikie, itabidi nipige kelele, mimi, mbele ya wakwe na majirani, nipige kelele jina la Rispa Akoth Ogada juu ya uji, na mimi sijapiga kelele tangu siku ile kwenye chuma.

Ananitazama. Ameniona namtazama, na anafanya alilofanya daima, macho yake yameshuka kutoka machoni mwangu mpaka mdomoni, yametua hapo, yanangoja, naona sasa, nilikuwa kipofu kama yeye alivyokuwa kiziwi, yanangoja mdomo wangu useme kitu… na mimi, katikati ya kicheko cha watu, bila sauti hata kidogo, bila pumzi, nasema kwa midomo tu, polepole, kama mwalimu anavyomfundisha mtoto silabi, hu-ku-si-ki-a. Ndungu anazungumza juu ya viatu vyake. Kagure anapanga shuka. Hakuna aliyegeuka. Nasema tena, hukusikia kengele yoyote, nahodha. Na uso ule wa kijivu unafunguka, nauona ukifunguka kama maji yalivyofunguka, kidole gumba kisicho na ukucha kinaacha kusugua fimbo, kinywa kinaachama, na midomo yake, bila sauti nayo, au kwa sauti ndogo iliyomezwa na hema, inatengeneza umbo ninalolijua kuliko yote, kwa kuwa ni langu, Nderitu, halafu inasimama, halafu inamalizia, wa Mutahi.

Amelikumbuka lote, mpaka na la baba yangu. Nilidhani nitafurahi, na nimefurahi, ni furaha chungu kama muarubaini, naitafuna, siitemi… kwa sababu sasa anajua aliko, anajua boma hili ni la nani na kibuyu kiko katika mkono wa nani, na jasho limeota chini ya kofia yake ya sufi, naliona kutoka hapa, na mjukuu wake anamwinamia kumuuliza, guka, uko sawa, na yeye hamjibu, haondoi macho kwangu, na wala sasa sitaki kukiweka chini, hapana, hilo lingekuwa kumwachilia, arudi Skuta, afe kimyakimya kwa mwanawe, mimi namtaka hapa, namtaka awe mkwe wangu, nimketishe mbele yangu kila Krismasi na kila ubatizo, kiti changu na kiti chake vikitazamana, kaa hapa nikuone, na siku moja, si leo, nitamwita huyu mtoto mbele yetu, huyu Wanjiru, mwenye jina la yule aliyeniuliza akikamua ng'ombe, na yeye Mathenge kwa kinywa chake mwenyewe, kwa sauti yake kubwa isiyojipima, atamwambia Wanjiru kama kengele ilipigwa au haikupigwa, atamwambia mpaka Wanjiru aseme, sawa, na mimi nitakuwa nikisikiliza namna anavyolisema. Sikusamehe, Mathenge. Usiuchukue uji huu kuwa msamaha.

Na hapo hapo, kibuyu kikiwa kilekile mkononi, joto lilelile, hofu inanishika, ya kijinga, sikuitazamia, kwamba Shiro anaweza kukataa, kwamba Kagure amemchezea kijana kupita kiasi, kwamba kitu katika uso wangu kimemtisha, kwani ameacha kucheka, amenikazia macho, mke wangu huyu anayejua shati nililovaa jana, anauliza kwa sauti ya chini, "Guka, uko sawa kweli?" Natikisa kichwa kwamba niko sawa. "Sema, mama," namwambia, "watu wanangoja." Naye anavuta pumzi ajibu, na ng'ambo ya hema Mathenge amenyoosha shingo upande huu na upande ule, anatafuta mdomo wa Shiro ausome, na anachokiona ni kitambaa cha kichwa na mgongo tu, kwa maana mtoto amesimama akinitazama mimi.